Hatua 32, lakini za nani?

Natumaini wale mlionijia juu mwezi uliopita kwa ile mada ya mawifi mmeshapoa. Mwezi huu sizungumzii mawifi, sizungumzii nyumba ndogo, wala sizungumzii nani alipe bili mkitoka out. Mwezi huu nawapeleka msituni, tena msitu wa mbali, halafu nawaungama jambo langu mwenyewe. Siyo siri tena, mtu wangu ameniruhusu niliandike.

Basi bwana, mnakumbuka niliwahi kuwagusia kwamba mume wangu alikwenda Marekani kusoma. Tulikuwa na miezi 8 tu ya ndoa, bado tunafungua zawadi za kitchen party, yeye huyo akapanda ndege. Miaka miwili, tukaambiana, si mingi. Baada ya miezi 14 akanikatia tiketi kwa kudunduliza posho yake, nikaenda kumtembelea kwa wiki tatu. Ilikuwa mwezi wa kumi, kwenye mji mmoja mdogo kaskazini kabisa mwa jimbo la Michigan, karibu na Ziwa Superior. Hilo ndilo ziwa la maji baridi linaloongoza duniani kwa eneo, letu la Victoria ni la pili. Mume wangu ni mtu wa Musoma, na alivyoniambia hivyo sura yake ilikuwa kama ya mtu aliyefungwa goli dakika za majeruhi.

Siku ya kwanza uwanja wa ndege tulikumbatiana mpaka watu wakageuka. Siku ya pili na ya tatu, raha mustarehe. Siku ya nne tukaanza kuongea kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. "Umeamkaje?" "Salama." "Utakula nini?" "Chochote." Mnajua kile kimya ambacho hamjagombana lakini kila mmoja anaosha kikombe chake? Ndicho hicho.

Mwenye nyumba wake ni bibi wa miaka sabini na ushee, anaishi ghorofa ya chini. Nadhani alitusikia jinsi tulivyokuwa hatusikiki. Ijumaa jioni akagonga mlango, akampa mume wangu karatasi moja iliyopigwa chapa, akasema: "Kesho nendeni mkakitafute hiki. Mmoja asome, mwingine ahesabu." Halafu akashuka ngazi zake taratibu, akatuacha tunatazamana.

Karatasi yenyewe ilikuwa na vidokezo vya kufikia kisanduku kilichofichwa. Ngoja niwaeleze mchezo huu, maana mimi nilikuwa siujui kabisa.

Kwetu sanduku la barua ni S.L.P., unakwenda nalo posta na ufunguo wako. Huu ni mwingine. Ulianzia Uingereza, kwenye nyika za Dartmoor. Mwaka 1854 mwongoza wageni mmoja wa kijiji cha Chagford, James Perrott, aliweka chupa mahali panapoitwa Cranmere Pool, katikati ya nyika yenye matope na ukungu, ambako kufika kulikuwa kazi kweli kweli. Aliyefika aliacha kadi yenye jina lake ndani ya chupa kuthibitisha kwamba kafika. Baadaye watu wakaanza kuacha barua na kadi za posta, na anayefuata kufika anazichukua akazitume. Ndipo jina la sanduku la barua lilipotokea. Wamarekani wengi waliusikia mchezo huu mwaka 1998, jarida la Smithsonian lilipouandikia makala, na toka hapo watu wakaanza kuficha visanduku kwenye misitu na bustani zao.

Kisanduku chenyewe ni kopo la plastiki lisilopitisha maji. Ndani kuna daftari dogo na muhuri, mara nyingi umechongwa kwa mkono. Wewe msakaji unakwenda na daftari lako, muhuri wako na kidau cha wino. Ukikipata, unagonga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lako, na wako unaugonga kwenye daftari la kisanduku, unaandika tarehe na neno moja mawili, halafu unarudisha kila kitu palepale. Huchukui chochote. Hakuna zawadi wala hela.

Hapo kwenye mihuri nikacheka. Sisi na mihuri tena? Nchi ambayo barua ya serikali ya mtaa bila muhuri ni karatasi ya kufungia maandazi? Nikasema hii michezo ni ya kwetu kabisa. Usiku ule nikachukua ufutio wa mume wangu na wembe, nikaanza kuchonga. Nikachonga neno SISI, herufi kubwa, nimependa mwenyewe. Kugonga kwenye karatasi, muhuri si unageuza herufi? Likatoka ISIS. Mungu wangu! Mume wangu alivyoona akasema, "Mke wangu, ukigonga hiyo kwenye daftari la Wamarekani tutatafutwa na ubalozi." Nikaugeuza ule ufutio upande wa pili, nikachonga korosho, lile pambo la kwenye kanga. Korosho haina herufi, haimgombanishi mtu.

Jumamosi asubuhi tukatoka na kigari chake. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwenda kusini, barabara imenyooka, miti pande zote mbili, majani mekundu na ya njano kama mtu kamwaga bizari na paprika juu ya msitu. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Lakini ndani ya gari, kimya cha kufa mtu. Redio ndiyo ilikuwa inatuongelea.

Njiani saa ya simu ikaruka yenyewe, ikarudi nyuma saa moja. Michigan karibu yote inafuata saa za mashariki ya Marekani, isipokuwa wilaya nne zinazopakana na jimbo la Wisconsin, ambazo zinafuata saa za kati. Tulikuwa tumeingia mojawapo, Iron County. "Tumepewa saa moja ya bure," mume wangu akasema. Nikamjibu, "Utaifanyia nini?" Sikukusudia iwe kali, ila ilitoka kali. Akanyamaza.

Tukapita mji unaoitwa Crystal Falls, tukashika barabara kuu namba 2 kuelekea magharibi. Kama maili 4 kabla ya kufika Iron River, tukaona penyewe: eneo la kuegesha magari, meza za mbao, miti mirefu ya kukukunjisha shingo, na bango la kijani lenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Serikali ya jimbo hilo huweka mabango ya namna ile kwenye sehemu za kihistoria.

Nikajiuliza, historia gani tena kando ya barabara? Nikalisoma. Mwaka 1918 kulikuwa na mhandisi wa barabara wa wilaya hiyo, Herbert Larson. Zama hizo wakata mbao walikuwa wameshafyeka misitu mingi ya ukanda ule. Larson akapendekeza wilaya inunue eka 320 za msitu ambao haujawahi kuguswa na shoka, kandokando ya barabara, uhifadhiwe. Hizo ni karibu hekta 130. Wakuu wa wilaya wakakubali. Mwaka uliofuata, 1919, wakaweka hapo meza na mahali pa kupumzikia wasafiri. Bango linasema hii ndiyo bustani ya kwanza ya kando ya barabara katika Michigan, na yawezekana kabisa ikawa ya kwanza nchi nzima. Majimbo mengi yakafuata.

Hebu fikiria. Mwaka 1919, magari ya Ford yale ya Model T ndiyo yanamwagika barabarani kutoka Detroit, watu wamepata hamu ya kusafiri, lakini ukishikwa na njaa au uchovu njiani, unakaa wapi? Sisi tunaijua hiyo hali. Basi linasimama porini, kondakta anapiga kelele "Kuchimba dawa!", wanaume kulia, wanawake kushoto, kila mtu na kichaka chake. Yule bwana akaona msafiri anastahili meza na kivuli. Nilimheshimu palepale.

Sasa tuje kwenye vidokezo. Namba nimezibadilisha kidogo, msije mkaniharibia kwa wenyewe, lakini mpangilio ndio huo. Mstari wa kwanza ulikuwa kama porojo: mwenye kisanduku anasema alikificha mwaka aliobadilishiwa goti, kwa hiyo tusione aibu kwenda naye polepole. Mstari huo tukauruka. Tukaenda kwenye mambo ya maana.

Anzia kwenye bango. Chukua idadi ya eka, jumlisha tarakimu zake, zidisha kwa 10. Tatu jumlisha mbili jumlisha sifuri, 5, mara 10 ni 50. Ipe barabara mgongo, fuata njia hatua 50, utaona mti wenye mashina mawili yaliyoshikana kiunoni. Mume wangu akahesabu. Hatua ya 50 tukawa tumeshaupita ule mti, ukabidi turudi nyuma kidogo. Hatukujiuliza kwa nini. Mti si tumeuona? Twende.

Simama katikati ya mashina mawili, elekeza dira nyuzi 210, hesabu hatua 32 mpaka kwenye gogo lililolala. Chini yake, tafuta jiwe lisilofanana na wenzake.

Kasheshe ikaanzia hapo. Mume wangu ni mrefu, futi 6 na kitu. Akahesabu hatua 32, akafika kwenye gogo. Tukainama, tukafukua majani, tukageuza mawe, dakika ishirini, hakuna kitu. Nikamwambia labda hatua zako ni ndefu mno. Akasema, "Hatua ni hatua." Nikarudi kwenye mti, nikahesabu zangu 32. Zikaniishia kwenye gogo lingine kabisa, nyuma ya la kwake. Msitu ambao haujakatwa una magogo kila mahali, mti ukianguka unaachwa ulale hapo mpaka uoze. Tukafukua na hapo. Hakuna.

"Ungenisikiliza," akasema.

"Wewe ndiye ulianza."

"Hata kuhesabu huniamini?"

"Kuna vingapi vya kukuamini?"

Jamani, tulikuwa bado tunaongelea magogo? Wote tulijua hapana. Akaenda akaegemea mti wake, mimi nikakaa kwenye gogo langu, tumepeana mgongo, watu wazima wawili tuliosafiri maili elfu kadhaa kuja kununiana msituni.

Kwa hasira nikaichukua ile karatasi nikaisoma upya, toka juu. Nikafika pale kwenye goti. Nikasoma tena. Nikaita, "Wewe bwana, hebu njoo. Hizi hatua ni za nani?"

"Za nani kivipi?"

"Za mtu mwenye goti bovu."

Akasimama, akafikiri, akaanza kucheka. Tukarudi kwenye mti wa mashina mawili. Safari hii mume wangu akashika kiuno, akachechemea kama mzee wa miaka themanini, anaburuta mguu, mimi nahesabu kwa sauti. Hatua ya 32 ikatuishia kwenye gogo la tatu, fupi, limeota kuvu, ambalo tulikuwa tumelipita mara nne bila kulitazama. Chini yake kulikuwa na jiwe jeupe. Nyuma ya jiwe kopo, limefungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki. Nilipiga kigelegele, ndege wakaruka.

Ndani kulikuwa na daftari na muhuri. Muhuri umechongwa meza ndogo ya mbao, kama zile za pale nje. Tukalibeba kopo mpaka kwenye mojawapo ya meza, tukakaa upande mmoja, bega kwa bega, tukasoma waliotutangulia. Kuna familia iliandika watoto wao wameumwa na mbu lakini wamefurahi. Kuna mtu aliandika tu tarehe na neno "mvua". Nikagonga meza yao kwenye daftari letu, nikagonga korosho yetu kwenye lao, ikatoka safi. Nikampa mume wangu kalamu aandike neno.

Akaandika kwa Kiswahili: "Tumefika wote wawili. Tutarudi tena mwakani."

Nikaitazama ile sentensi. Mwakani?

Masomo yake yalikuwa yanaisha mwezi wa tano. Mwezi wa sita tunaanza kujenga. Mwakani mwezi wa kumi tungekuwa tunarudi Michigan kufanya nini?

"Umeandika mwakani," nikasema.

Akaweka kalamu chini. Akaangalia barabara, malori yanapita. Halafu akasema. Mradi wake ulikuwa umeongezewa mwaka mmoja, wamemwomba abaki, na alikuwa ameshakubali wiki tatu kabla mimi sijapanda ndege.

Wapenzi wasomaji, nilitaka kurusha lile kopo barabarani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Jibu lake ndilo limenifanya niandike makala hii. Alisema, "Nilikuambia. Nilikuuliza mara mbili pasi yako inaisha lini. Nilikutumia picha ya koti la pili la baridi. Nilikuambia profesa ananipenda. Nilidhani umeelewa, na kwamba umenyamaza kwa sababu umekubali."

Pasi? Mimi nilidhani anauliza kwa ajili ya safari ile ile. Koti? Nikasema mume wangu anapenda kuvaa. Alikuwa ameniachia vidokezo, tena kwa hatua zake mwenyewe, halafu anashangaa sikufika.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na nilishafungua mdomo. Lakini nikakumbuka kwamba na mimi nina gogo langu.

Tulikuwa na akiba ya kununua kiwanja Kibaha. Milioni 9, kwenye akaunti ninayoisimamia mimi. Mama yangu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga mwezi wa tatu, nilitoa milioni 6. Mume wangu alijua mama anaumwa, alijua kafanyiwa upasuaji. Aliponiuliza kwenye simu gharama zimekaaje, nilimjibu, "Tumejipanga." Tukaendelea na mengine.

Nikamuuliza pale mezani, "Niliposema tumejipanga, ulielewa nini?"

"Kwamba kaka zako wamechanga."

"Nilimaanisha nimetoa ya kiwanja."

Kimya. Lakini hiki hakikuwa kile cha kuosha vikombe. Nilikuwa nimejiambia miezi saba kwamba nilishamwambia, ni yeye tu hakuuliza zaidi. Kumbe nilisema kwa hatua fupi za mtu anayeogopa, nikategemea yeye mwenye miguu mirefu asimame palepale nilipoishia mimi.

Hata ile ya simu ikaja juu. Novemba ya mwaka wake wa kwanza, tulikuwa tumezoea anapiga saa 3 usiku za kwetu. Ghafla akaanza kupiga saa 4. Nilinuna wiki nzima, nikajua tayari, kapata mtu. Sikumuuliza, nikawa namjibu kwa mkato ili ajue. Kumbe kule Novemba hurudisha saa nyuma, tofauti ya saa 7 ikawa 8. Yeye alikuwa anapiga saa ileile ya kwake kila siku, mwaminifu kabisa, na anajiuliza mke wangu kapatwa na nini.

Sasa msije mkadhani tulikumbatiana pale, muziki ukapigwa, mambo yakaisha. Tuligombana. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, tuligombana kwa lugha inayoeleweka. Alikasirika sana kwa ile hela, na alikuwa na haki. Nilikasirika kwa huo mwaka, na nilikuwa na haki. Sandwichi tulizobeba tulizila baridi. Jua likaanza kushuka. Kabla ya kuondoka tukafunga lile kopo vizuri, tukalirudisha nyuma ya jiwe jeupe, tukalifunika na majani kama tulivyolikuta. Ile sentensi ya mwakani hatukuifuta.

Mwisho wake? Ule mwaka alibaki, lakini sharti likawa arudi nyumbani Krismasi ile, na akarudi. Kiwanja cha Kibaha tulikikosa, tulinunua kingine Mlandizi, kidogo na mbali zaidi, na kila tukipita Kibaha kuna mtu kati yetu anaguna. Mama anatembea. Na mume wangu sasa yuko hapa, kakaa sebuleni anaangalia mpira wakati naandika hivi.

Tulichokubaliana wakati tunarudi garini ni kifupi: jambo la hela na jambo la muda halisemwi kwa vidokezo. Zinatajwa namba. Shilingi ngapi, mwezi gani. Ukisema "tumejipanga" unaulizwa "kwa shilingi ngapi na kutoka wapi?" Mambo mengine yote, mafumbo ruksa.

Kwa sababu siyo kwamba vidokezo ni vibaya. Yule mwenye goti aliandika mafumbo, lakini alitaka apatikane. Alituambia mapema kabisa hatua zake zikoje. Sisi ndio tuliruka mstari. Wengi wetu kwenye ndoa tunaficha kisanduku, hatusemi urefu wa hatua zetu, halafu tunamhukumu mwenzetu kwa kutotupata. Eti "angekuwa ananipenda angejua." Angejuaje?

Tuliporudi, bibi wa chini alikuwa kibarazani. Hakuuliza tumepata au la. Aliangalia viatu vyetu vilivyojaa matope, akasema, "Mmechelewa, vizuri." Akaingia ndani, anachechemea.

Ndiyo. Anachechemea. Mpaka leo hatujamuuliza.

MKITAKA KUJARIBU

Huhitaji kwenda Michigan. Mimi na mtu wangu tumeshafanya viwili vya kwetu. Haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Omba ruhusa kwa wenye eneo, iwe hoteli ya ufukweni, shamba la mjomba au msitu wa hifadhi. Kwenye magofu ya kale usifiche kitu, wala usisogeze jiwe hata moja.

2. Kopo liwe la kufunga kwa kubana, lisilopitisha maji. Masika hayana mzaha. Na usilizike ardhini wala kuliegesha kwenye kichuguu, mchwa watakula daftari lote waache jalada.

3. Muhuri chonga kwenye ufutio, na kumbuka herufi zinageuka. Msinilaumu, nimewaambia.

4. Vidokezo viwe vya watu wawili: mmoja asome, mwingine ahesabu. Halafu mbadilishane.

5. Andika hatua zako zikoje. Mrefu, mfupi, umevaa viatu virefu au malapa. Mpe mwenzako nafasi ya kukupata.

6. Msiwe na haraka ya kurudi nyumbani. Bebeni chakula na mkae mezani hata kama mmenuniana.

Haya wapenzi, na ninyi semeni: ni jambo gani unaamini ulishamwambia mwenzako, na yeye hajalisikia mpaka leo? Mwulize usiku huu alielewa nini. Halafu niandikieni majibu, ya kuchekesha na ya kuliza, yote napokea.

Tukutane mwezi ujao. Mawifi, bado sijawamaliza.